KUTU INAYORUDI KATIKA GARI KONGWE: CHANZO CHAKE NA NAMNA YA KUIKOMESHA

Miongoni mwa mali zinazotumika kila siku katika kuwahudumia wananchi wa Unguja na Pemba ni gari za kuvuta kwa magurudumu yote manne, ambazo madereva wengi huziita "fo-wili". Gari hizi ndizo zinazofika katika vijiji ambavyo njia zake ni za mawe au udongo, na ndizo zinazobeba dawa za vituo vya afya, vifaa vya skuli, mabwana shamba, na mara nyengine mama mjamzito anayekimbizwa hospitali usiku. Nyingi kati yake ni kongwe. Injini zake zimefunguliwa na kufungwa mara kadhaa, na bado zinafanya kazi. Kinachozimaliza zaidi si injini bali ni kutu.

Malalamiko yanayosikika sana kwa madereva, na kwa wananchi wenye gari zao wenyewe, ni ya namna moja: gari ilipakwa rangi mwaka jana, na mwaka huu kutu imetokea pale pale. Fedha zimetumika, fundi amelipwa, na kazi inabidi irudiwe. Wengine hukata tamaa na kusema kwamba kisiwani hakuna dawa ya kutu. Kauli hiyo si sahihi. Katika hali nyingi kutu hiyo haikurudi, kwa sababu haikuwa imeondoka. Somo hili linaeleza kwa nini hali huwa hivyo, na hatua za kufuatwa ili kazi ifanywe mara moja na idumu.

KUTU NI KITU GANI

Chuma hupatikana ardhini kikiwa kimeungana na oksijeni katika mawe, na hutenganishwa nayo kwa moto mkali wa tanuri. Kutu ni chuma hicho kikiungana tena na oksijeni. Ili jambo hilo litokee panahitajika vitu viwili, navyo ni maji na hewa. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, kutu haifanyiki. Ndiyo maana msumari uliozama ndani ya greesi hukaa miaka mingi ukiwa mzima.

Chumvi haili chuma yenyewe, lakini huyapa maji uwezo mkubwa zaidi wa kupitisha umeme mdogo unaotembea juu ya chuma kinapolika. Kwa hiyo maji ya chumvi hula chuma kwa kasi kuliko maji ya mvua. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ipatayo gramu 35, na upepo wa pwani hubeba matone yake madogo hadi nchi kavu.

Aidha, chumvi ina tabia ya kuvuta unyevu kutoka hewani. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa unapofikia takriban asilimia 75, na chumvi ya bahari huanza mapema zaidi kwa sababu ya madini mengine yaliyomo ndani yake. Wakaazi wa visiwani wanalijua jambo hili jikoni: chumvi iliyoachwa wazi ndani ya kikombe huloa bila ya mtu kuitia maji. Usiku, unyevu wa hewa visiwani hupita kiwango hicho mara kwa mara. Hivyo basi, gari yenye chumvi chini ya bodi huwa imeloa kila usiku, hata katika mwezi usio na mvua, wakati mwenyewe anaamini kuwa ni kavu.

KWA NINI HUTOKEA PALE PALE

Chuma kinapolika hakiliki sawasawa. Hufanya vishimo vidogo, na chumvi huteremka hadi chini ya vishimo hivyo na kukaa hapo, ikifunikwa na kutu iliyo juu yake. Fundi anapokwangua kwa msasa na kukifanya chuma king'ae, vilele vyake ndivyo vinavyosafika. Vishimo hubaki na weusi wake, na ndani ya weusi huo imo chumvi.

Rangi inapopakwa juu yake, chumvi hufungiwa pamoja na chuma. Rangi, hata ikiwa nzuri, haizuii kabisa mvuke wa maji kupenya. Chumvi iliyo chini huuvuta mvuke huo, chuma kinaanza kulika tena, na kutu inayofanyika huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hata kufikia mara kadhaa. Kwa kuwa haina pa kwenda, huisukuma rangi juu. Ndipo yanapotokea malengelenge, na ndipo mwenye gari anaposema kuwa kutu imerudi.

Sababu ya pili ni kwamba kutu nyingi ya gari huanzia ndani na kuja nje. Doa linaloonekana juu ya bati ni mwisho wa kazi iliyofanyika upande wa pili kwa miezi au miaka. Kulisugua doa hilo kwa nje na kuupaka rangi upande huo peke yake ni sawa na kupaka chokaa ukuta unaovuja kutoka kwenye dari.

IMANI KUWA LAND ROVER HAILIWI NA KUTU

Ipo imani ya siku nyingi kwamba gari aina ya Land Rover haipati kutu. Imani hii ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo imegharimu gari nyingi.

Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 katika maonesho ya magari ya Amsterdam. Wakati huo Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo. Watengenezaji wakatumia mchanganyiko wa aluminiamu kwa sehemu kubwa ya bodi. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu, na kwa hiyo bodi za gari za miaka ya 1950 na 1960 zinaonekana nzima hadi leo. Lakini chesisi, yaani boriti zinazobeba gari nzima, ilitengenezwa kwa chuma, na kadhalika ukuta wa mbele unaotenga injini na chumba cha abiria. Utaratibu huo uliendelea katika aina zilizofuata hadi gari ya mwisho ya muundo huo wa zamani ilipotoka kiwandani Solihull mwezi Januari 2016.

Matokeo yake ni kwamba gari inaweza kuwa na bodi nzuri juu ya chesisi iliyooza, na anayeitazama kwa mbali asijue. Zaidi ya hayo, aluminiamu na chuma vinapogusana penye maji ya chumvi huwa kama vyombo viwili vya betri, na aluminiamu ndiyo inayolika. Dalili yake ni unga mweupe na rangi iliyotutumka penye bolti na maungio. Bolti zinapofunguliwa, ni vyema kuweka mpira au kupaka rangi baina ya metali hizo mbili kabla ya kuzifunga tena.

Gari aina ya Toyota Land Cruiser, ambazo nazo ni nyingi visiwani, zina bodi ya chuma pamoja na chesisi ya chuma. Kwa hiyo huonesha kutu mapema kwenye milango, mifereji ya paa na fremu ya kioo cha mbele. Mwenye gari hiyo hupata onyo mapema, lakini na yeye akumbuke kulala chini na kuangalia chesisi.

MAHALI KUTU INAPOJIFICHA

Ukaguzi ufanywe gari ikiwa imeoshwa na kukauka, imenyanyuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya vishikio madhubuti. Mtu asiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Sehemu za kuangaliwa ni hizi:

(a) Boriti ya nyuma ya chesisi na ncha za boriti ndefu, ambako tope linalorushwa na magurudumu hujikusanya.

(b) Mahali springi zinaposhikwa na chesisi, na mahali paliposhikwa sanduku la usukani.

(c) Ndani ya boriti zenye uwazi. Boriti hizo zina matundu ya kutolea maji, na matundu hayo yakizibwa na tope boriti hugeuka kuwa mtungi.

(d) Chini ya zulia na mipira ya sakafu, ambako maji ya miguu na ya samaki hukaa bila ya kuonekana.

(e) Sehemu ya chini ya milango na chini ya mipira ya vioo.

(f) Kitako cha betri. Hapa mlaji ni tindikali ya betri, na panahitaji kuoshwa kwa maji yaliyochanganywa na magadi ya soda kabla ya kutengenezwa.

(g) Mabomba ya breki na mahali yanaposhikiliwa kwenye chesisi. Bomba lililovimba kwa kutu libadilishwe, lisisuguliwe, kwa kuwa msasa huzidi kulifanya jembamba.

Chuma kigongwe kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hutoa mlio mkali, na kilichooza hutoa mlio mzito uliokufa. Penye mashaka pasukumwe kwa ncha ya bisibisi. Ni afadhali bisibisi itoboe tundu gereji kuliko springi ilitoboe njiani. Kila mahali panapoonekana pabovu pawekwe alama ya chaki, na paandikwe daftarini.

MFANO WA KAZI ILIYOFANYWA MARA TATU

Ichukuliwe kwa mfano gari ya idara inayofanya kazi baina ya mjini na vijiji vya mwambao wa mashariki. Mwaka wa kwanza kutu inaonekana katika boriti ya nyuma. Fundi anasugua sehemu inayoonekana, anapaka rangi nyeusi, na kwenye fomu linaandikwa neno moja: "Imetengenezwa". Baada ya masika rangi imetutumka. Mwaka wa pili panaongezwa kiraka cha bati juu ya chuma kile kile, panapakwa rangi, na fomu inaandikwa vile vile. Mwaka wa tatu kiraka kinaning'inia, kwa sababu chuma kilichokuwa kikikishika hakipo tena.

Boriti hiyo inapokatwa inakutwa imejaa tope na mchanga wa pwani nusu ya kimo chake, na matundu yake yote ya chini yamezibwa. Kwa miaka mitatu fedha zilitumika nje na maradhi yalikuwa ndani. Katika miaka hiyo gari ilikuwa ikibeba watu, na springi za nyuma zimeshikwa karibu na boriti hiyo. Lau chuma kingeachia penye kona gari ikiwa na abiria, dereva asingekuwa na la kufanya.

Kosa la kwanza katika mfano huu halikuwa la msasa wala la rangi, bali la neno lililoandikwa kwenye fomu. Gari ilikuwa imepakwa rangi, haikuwa imetengenezwa. Mkuu aliyeisoma fomu hakuwa na njia ya kujua kuwa mali iliyo chini ya dhamana yake inaendelea kuoza. Wazee wamesema mficha maradhi, kifo humuumbua. Ni wajibu wa fundi kuandika alichokiona, na ni wajibu wa mkuu wake kutomkasirikia kwa kuandika hivyo.

HATUA ZA KUFUATWA

1. Kuchagua wakati. Kazi ya kutu isianzwe wakati wa masika wala vuli. Miezi inayofaa ni Januari na Februari, au Juni hadi Septemba, baada ya mvua kubwa kumalizika. Kazi ya kupaka ianze saa 3 asubuhi, umande ukiwa umekauka, na imalizike kabla ya saa 9 alasiri, ili rangi ishike kabla ya unyevu wa jioni kuteremka.

2. Kuosha. Gari ioshwe chini na ndani ya boriti kwa maji mengi baridi yasiyo na chumvi, mpaka maji yanayotoka kwenye matundu yawe meupe. Matundu yaliyoziba yazibuliwe kwa waya. Visima vingi vilivyo karibu na pwani vina maji ya chumvichumvi, na kuoshea maji hayo ni kuongeza chumvi juu ya chumvi. Pasipokuwa na maji ya mfereji, maji ya mvua yaliyohifadhiwa yanafaa sana.

3. Kukwangua. Rangi yote iliyolegea iondolewe, hata ile inayoonekana nzuri pembezoni mwa kutu, hadi pafikiwe chuma kinachong'aa pande zote. Magamba mazito yavunjwe kwa patasi na nyundo, kisha brashi ya waya, kisha msasa. Mfanyakazi avae miwani ya kukinga macho na kitambaa cha pua na mdomo, kwa kuwa rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu.

4. Kukata palipotoboka. Chuma chenye tundu hakitibiwi kwa rangi wala kwa puti. Kikatwe mpaka kifikiwe chuma kizima, na kipande kipya chenye unene usiopungua ule wa awali kichomewe pande zote, si kwa vidoa vya hapa na pale. Kabla ya kuchomea, betri ifunguliwe, na tangi la mafuta lililo karibu liondolewe. Kiraka kisiwekwe juu ya kiraka.

5. Kusuuza tena. Hatua hii ndiyo inayosahauliwa na wengi, na ndiyo inayoamua kama kutu itarudi. Chuma kilichokwishakwanguliwa kisuguliwe kwa brashi na maji safi, kikaushwe, kisha kisuguliwe tena. Halafu kiachwe usiku mmoja mahali penye paa. Asubuhi yake, vishimo vikionesha vidoa vyekundu vibichi au matone madogo ya majimaji, hiyo ni dalili kuwa chumvi bado imo. Kazi ya kusuuza irudiwe mpaka vidoa hivyo visitokee tena. Wepesi wa kutu ulioenea juu kwa unyevu wa usiku peke yake hauna madhara, na huondolewa kwa msasa kabla ya kupaka.

6. Kutibu vishimo. Panapobaki weusi usiofikiwa na brashi, patumike dawa ya kugeuza kutu. Dawa hizi aghalabu huwa na tindikali ya fosforiki au tanini, ambayo imo pia katika magome ya mikoko. Huigeuza kutu kuwa tabaka gumu jeusi au la kijivu lisiloendelea kula chuma kwa urahisi. Maelezo ya chupa yafuatwe, glavu zivaliwe, na dawa isipakwe juu ya magamba. Ikumbukwe kuwa dawa hii haiondoi chumvi, na kwa hiyo haichukui nafasi ya hatua ya 5.

7. Kupaka. Rangi ya kwanza ya kuzuia kutu ipakwe siku hiyo hiyo chuma kilipokauka. Rangi yenye zinki ni bora zaidi penye chuma kitupu, kwa sababu zinki hulika badala ya chuma. Penye chuma kilichotibiwa kwa dawa, itumike rangi ya msingi inayokubaliana na dawa hiyo. Ipakwe kwa brashi ili iingie vishimoni, mikono 2, na kila mkono uachwe ukauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Pembe na kingo zipakwe mkono mmoja wa ziada, kwa kuwa hapo rangi hukaa nyembamba. Kisha ifuatie rangi ya juu, mikono 2.

8. Kulinda ndani. Boriti zikiwa zimekauka kabisa, zipulizwe ndani nta ya kuzuia kutu, au mafuta mazito yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Baada ya kupuliza, matundu ya kutolea maji yahakikishwe kuwa yako wazi.

MAMBO YA KUEPUKWA

Kuna dereva wanaoiingiza gari baharini maji yakiwa yamejaa na kuiosha huko kwa kuwa maji ni ya bure. Gari hiyo hutoka ikiwa safi machoni, na imebeba chumvi ndani ya kila boriti. Kadhalika, gari inayobeba samaki wa barafu, dagaa au mwani hupata maji ya chumvi kila siku, na inahitaji kuoshwa kila siku, sakafu kwanza.

Kupaka lami au rangi nzito ya chini juu ya kutu ni kosa jengine. Lami huficha, na ikipasuka huingiza maji na kuyazuia yasitoke. Ipakwe juu ya chuma kilichosafishwa na kupakwa rangi ya msingi, na ikaguliwe kila mwaka.

Wapo pia wanaopaka oili chafu ya injini chini ya gari. Oili hiyo huzuia maji kwa kiasi, lakini huharibu mipira ya springi na ya breki, ina uchafu wenye madhara kwa ngozi ya anayeipaka, na hudondoka ardhini. Ardhi ya sehemu kubwa ya Unguja ni ya mawe ya matumbawe yanayopitisha maji kwa urahisi, na maji yanayonywewa na wananchi hutoka chini ya mawe hayo. Kuokoa boriti kwa kuharibu kisima si uokoaji.

RATIBA YA MWAKA

Mafundi wa majahazi hawangoji chombo kivuje ndipo wakipandishe pwani. Kila msimu huweka siku zake: chombo hupandishwa, husafishwa, hukalafatiwa, na chini hupakwa deheni. Chuma cha gari kinahitaji utaratibu wa namna hiyo, nao si mkubwa.

Kila siku gari ilipopita ufukweni au kubeba samaki: isuuzwe chini kwa maji baridi kabla ya kulala.

Kila wiki: matundu ya boriti na ya milango yazibuliwe, mipira ya sakafu ivuliwe na kukaushwa juani.

Mwezi Februari, kabla ya masika: ukaguzi mzima kwa nyundo na bisibisi, mikwaruzo yote ipakwe rangi.

Mwezi Juni, baada ya masika: gari ioshwe chini kwa wingi wa maji, ikaguliwe, na sehemu zilizotiwa alama zitengenezwe katika miezi mikavu inayofuata.

Kila mwaka: nta ya ndani ya boriti iongezwe.

Kazi zote hizi, isipokuwa ya kuchomea, zinaweza kufanywa na dereva mwenyewe kwa brashi, nyundo, ndoo na saa chache. Gharama yake ni ndogo mno kuliko ya chesisi mpya.

WAKATI WA KUSEMA BASI

Si kila gari inayoweza kuokolewa. Ikiwa chuma kimetoboka pale springi au sanduku la usukani linaposhikwa, na pembezoni mwake hapana chuma kizima cha kuchomea. Ikiwa viraka vimewekwa juu ya viraka. Au ikiwa milango haifungi vizuri gari inapobeba mzigo kwa sababu chesisi imepinda, gari hiyo isimamishwe. Isitumike hata kwa safari fupi, mpaka fundi mwenye ujuzi wa chesisi aikague na kutoa maelezo kwa maandishi.

Njia zinazobaki ni mbili. Ya kwanza ni kubadilisha chesisi nzima, na ikiwezekana ipatikane iliyochovywa katika zinki iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 450 hivi za Selsiasi, kwa kuwa zinki huingia hata ndani ya boriti ambako brashi haifiki. Ya pili ni kuifunga gari na kutumia vipuri vyake vizima kuhudumia nyengine. Kusimamisha gari mbovu si aibu kwa idara wala kwa dereva. Mwenye kuaibika ni aliyejua kuwa chuma kimeoza, akaagiza ipakwe rangi, kisha akaipeleka njiani.

DAFTARI LA GARI

Kila gari kongwe iwe na daftari lake la kutu, lenye mchoro mwepesi wa chesisi. Kila ukaguzi uandikwe tarehe, mahali palipoonekana kutu, ukubwa wake kwa sentimita, na kazi iliyofanywa. Maneno yatumike kwa uangalifu: "imepakwa rangi" iandikwe pale ilipopakwa rangi tu, "imekatwa na kuchomewa" iandikwe pale chuma kilipokatwa, na "bado" iandikwe pale pasipofanywa kitu. Dereva anapohamishwa, daftari libaki na gari. Mwaka ukipita, ukurasa wa Februari ulinganishwe na ukurasa wa Juni. Doa lililoongezeka litaonekana hapo kabla halijaonekana kwenye bati.

Madereva, mafundi na wakuu wa vitengo wanakumbushwa kuwa gari ya Serikali ni amana, na wananchi wenye gari zao wanashauriwa kufuata utaratibu huu huu. Kwa yeyote ambaye kutu imemrudia mara mbili mahali pamoja, asinunue rangi nyengine kwanza. Avue mpira wa sakafu, azibue matundu, aingize waya ndani ya boriti, na aangalie kinachotoka.